Chipu za usalama zimeteka soko la tarakilishi, lakini nani atazitengeneza zikipatikana na kasoro?

UAMUZI wa kampuni ya Microsoft wa kusitisha huduma kwa mfumo wake wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025 uliwaacha mamilioni ya watumiaji wa tarakilishi kote duniani wakikabiliwa na swali ambalo wengi wao hawakuwahi kulifikiria: je, ndani ya mashine yao mna chipu ya usalama au hamna?

Mfumo uliochukua nafasi hiyo, Windows 11, ambao ulizinduliwa Oktoba 5, 2021, haukubaliwi rasmi kuwekwa kwenye tarakilishi isiyokuwa na chipu inayofahamika kwa kifupi kama TPM, tena ya toleo la pili. Kando na masharti kuhusu umri wa prosesa, kipande hicho cha silikoni, ambacho hakizidi ukucha wa kidole kwa ukubwa, ndicho kilichogeuka hakimu wa kuamua ni mashine ipi itakayoendelea kuhudumiwa na ni ipi itakayoachwa mataani.

Kwa Kenya, ambako ofisi nyingi, shule na vibanda vya intaneti hutegemea tarakilishi za mitumba kutoka ng'ambo, jambo hili si la wataalamu pekee. Mnunuzi anayezunguka katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi akitafuta kipakatalishi cha bei nafuu sasa analazimika kuuliza yaliyomo ndani, wala si ukubwa wa diski na hali ya betri tu.

Hata hivyo, mjadala kuhusu chipu hizi umeelemea mno upande mmoja. Watengenezaji huzisifu kuwa ngome isiyopenyeka, nao wapinzani huzitaja kuwa mbinu ya kuwalazimisha watu kununua mashine mpya. Historia ya teknolojia hii inaonyesha kwamba hakuna chipu isiyovunjika, na kwamba kinachotofautisha mfumo salama na usio salama ni matayarisho yaliyofanywa mapema kwa siku ile kasoro itakapofichuka.

Chumba chenye mlango wake

Tarakilishi ya kawaida huweka kila kitu pamoja: barua, picha, nywila na programu. Mdukuzi akifaulu kupenyeza programu yake haribifu, anaweza kusoma karibu chochote kilichomo.

Chipu ya usalama ilibuniwa iwe chumba cha pembeni chenye mlango wake. Funguo za siri za kumtambulisha mwenye mashine huundwa humo, hutumika humo na hazikusudiwi kutoka nje. Programu nyingine huweza kuiomba chipu itie sahihi au ifumbue fumbo, lakini haziruhusiwi kuuona ufunguo wenyewe.

Chipu hiyo pia huulinda ufunguo wa diski. Tarakilishi inapowashwa, hupokea vipimo vya programu zinazotangulia kuamka. Vipimo hivyo vikilingana na vile vilivyohifadhiwa, chipu humpa prosesa ufunguo wa kusoma data iliyogeuzwa kuwa mafumbo. Visipolingana, hunyamaza.

Manufaa yake ni dhahiri. Mwizi anayeiba kipakatalishi kisha akang'oa diski na kuiweka kwenye mashine nyingine hukuta mafumbo matupu. Kwa hospitali, chama cha akiba na mikopo au afisi ya wakili, hiyo ni tofauti baina ya kupoteza mashine na kupoteza siri za watu.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inazitaka taasisi kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 endapo data za watu zimefikiwa na wasioruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika.

Soko lililoletwa na amri

Safari ya chipu hizi sokoni haikuwa rahisi. Mwaka wa 1999, kampuni za Compaq, HP, IBM, Intel na Microsoft ziliungana ili kubuni kanuni za pamoja za tarakilishi ya kuaminika. Mwaka wa 2003 muungano huo uliundwa upya kwa jina la Trusted Computing Group, ambao ndio unaosimamia kanuni za TPM hadi leo.

Watengenezaji wakaanza kuzibandika chipu hizo kwenye mashine za ofisini. Wanunuzi, kwa upande wao, hawakujali. Katika mashine nyingi chipu ilikaa kimya bila kuwashwa, kama kufuli zuri lililoachwa ndani ya kasha lake.

Wapo pia waliozipinga waziwazi. Richard Stallman, mwanaharakati wa Marekani anayepigania programu huru, alionya mwaka wa 2002 kwamba teknolojia hiyo ingeweza kumpokonya mwenye tarakilishi mamlaka juu ya mali yake na kuyakabidhi kwa kampuni. China nayo ilichagua kubuni chipu yake yenyewe badala ya kutegemea ya wageni.

Kilichobadilisha mambo ni amri za wanunuzi wakubwa na wauzaji wakubwa. Mwaka wa 2007, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliagiza kwamba tarakilishi mpya inazonunua ziwe na TPM. Kuanzia Julai 28, 2016, Microsoft iliwataka watengenezaji wa mashine mpya za Windows 10 kuweka toleo la pili la chipu hiyo. Tangazo la Windows 11 la Juni 2021 lilikamilisha kazi hiyo.

Lakini kutekwa kwa soko hakukuwafaidi wote walioliamini. Kampuni ya Wave Systems ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ilitumia miaka mingi kuuza programu za kusimamia chipu hizi ikitarajia kwamba siku yake ingefika. Iliwasilisha ombi la kufilisika mnamo Februari 2016, miezi michache tu kabla ya agizo la Microsoft kuanza kutekelezwa. Waliokula ngano ni wale wenye kumiliki mfumo wa uendeshaji na viwanda vya prosesa, kwani chipu iligeuka sehemu ya bidhaa zao.

Mwelekeo huo ungali unaendelea. Novemba 2020, Microsoft ilitangaza pamoja na AMD, Intel na Qualcomm chipu ya usalama iitwayo Pluton, ambayo hujengwa ndani ya prosesa yenyewe. Apple ilikuwa imetangulia kwa kuweka sehemu ya aina hiyo katika simu yake ya iPhone 5s mwaka wa 2013. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa siku zijazo hatakuwa akichagua kama anataka chipu ya usalama au la. Ataikuta ndani.

Ngome zilizobomolewa

Je, ngome hizo ni imara kadiri gani? Jibu la kwanza lilitoka kwa Christopher Tarnovsky, mtaalamu wa Marekani aliyewahi kuhudumu katika jeshi la nchi hiyo. Mapema mwaka wa 2010, katika kongamano la usalama la Black Hat karibu na jiji la Washington, alieleza jinsi alivyoipenya chipu ya kampuni ya Infineon ya Ujerumani.

Tarnovsky aliliyeyusha ganda la chipu kwa asidi, akaondoa tabaka za kinga kwa kemikali ya kutoa kutu, kisha akagusa njia za ndani kwa sindano nyembamba ajabu hadi akazisikia siri zikipita. Kazi hiyo ilimgharimu miezi kadhaa, ikahitaji maabara, na chipu nyingi ziliharibika kabla hajafaulu. Kwa mwizi wa kawaida, gharama hiyo ilikuwa kinga tosha.

Baadaye ikadhihirika kuwa hakuna haja ya kuvunja ukuta ikiwa mjumbe anatembea njiani bila mlinzi. Februari 2024, mtafiti mmoja alionyesha jinsi ya kuunasa ufunguo wa diski ukiwa njiani kutoka kwenye chipu kuelekea kwenye prosesa, kupitia nyaya ndogo za bodi kuu ya kipakatalishi cha miaka ya nyuma. Kifaa alichotumia kiligharimu chini ya dola 10 (takriban Sh1,300) na kazi yote ilichukua sekunde 43.

Chipu yenyewe haikuguswa. Ilifanya kazi yake ipasavyo: ilithibitisha vipimo, ikautoa ufunguo. Kosa lilikuwa kwamba mashine hiyo iliupeleka ufunguo huo njiani ukiwa uchi.

Dawa mojawapo ni kuihamishia chipu ndani ya prosesa, pasipo nyaya za kugusa. Nayo haikukamilika. Mwaka wa 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walionyesha kwamba baadhi ya prosesa za AMD zingeweza kulazimishwa kuzitoa siri za TPM yake ya ndani kwa kuuyumbisha umeme unaoilisha prosesa kwa nukta maalumu. Walihitaji kuwa na mashine mkononi kwa saa mbili au tatu na vifaa vya takriban dola 200 (kama Sh26,000).

Matukio hayo matatu yana jambo moja linaloyaunganisha. Katika kila moja, mshambulizi alilazimika kuishika mashine. Hakuna aliyeketi ng'ambo ya bahari akazivunja chipu hizo kupitia intaneti. Hilo ni mafanikio makubwa, kwa kuwa wezi wengi wa mitandaoni hawana muda wala uwezo wa kuzifuata mashine moja baada ya nyingine.

Ushahidi wa mafanikio hayo ulitolewa na Google mwaka wa 2018. Kampuni hiyo, iliyokuwa na wafanyakazi zaidi ya 85,000, ilisema kwamba tangu ilipowalazimu kutumia funguo za kuchomeka kwenye tarakilishi, mapema mwaka wa 2017, hakuna hata mmoja aliyeripotiwa kunyang'anywa akaunti ya kazi kwa ulaghai wa nywila. Nywila huweza kuibwa kwa barua ya uongo, lakini kifaa kilichomo mfukoni hakiibiwi kwa barua.

Kasoro itokayo kiwandani

Hatari iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Programu ikipatikana na kasoro, kampuni husambaza marekebisho usiku, na kufikia asubuhi mamilioni ya mashine zimeponywa. Chipu mara nyingi haina tiba ya aina hiyo. Kasoro iliyoingia kiwandani husafiri na kila nakala, ikaingia katika kila mfuko na kila ofisi.

Oktoba 2017, watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Masaryk katika Jamhuri ya Czech walitangaza kwamba programu ya kuunda funguo iliyowekwa ndani ya chipu nyingi za Infineon ilikuwa na hitilafu. Badala ya kuchagua namba tasa kwa kubahatisha kikamilifu, ilifuata utaratibu uliomrahisishia mshambulizi kazi ya kukisia. Wakati huu hapakuhitajika asidi wala sindano. Mshambulizi alihitaji tu ufunguo wa hadharani, ambao kwa kawaida haufichwi, pamoja na nguvu za tarakilishi za kukodi.

Watafiti walikadiria kwamba kuvunja ufunguo mmoja wa ukubwa uliotumika sana kungegharimu hadi kati ya dola 20,000 na 40,000. Ni fedha nyingi kwa tapeli, lakini si kitu kwa shirika la ujasusi. Chipu hizo zilikuwa zimepita ukaguzi na kupewa vyeti vya ubora.

Nchi iliyopata kishindo zaidi ni Estonia, yenye watu takriban milioni 1.3. Raia wake hutumia kitambulisho chenye chipu kupata huduma za benki, kutia sahihi mikataba na hata kupiga kura kupitia intaneti. Vitambulisho takriban 750,000 vilivyotolewa kuanzia Oktoba 2014 vilikuwa na kasoro hiyo.

Serikali ya Estonia iliarifiwa mwishoni mwa Agosti 2017, ikautangazia umma mapema Septemba, na usiku wa Novemba 3 ikavisimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo. Nchi haikusimama. Kadi zilikuwa na uwezo wa kutumia hesabu za aina nyingine, na mfumo ulikuwa umejengwa kwa namna ya kumwezesha raia kuzirekebisha akiwa nyumbani kwake au katika vituo vya serikali. Aidha, wengi walikuwa na njia mbadala ya kujitambulisha kwa simu.

Si kila kifaa kina bahati hiyo. Septemba 2024, mtafiti wa kampuni ya NinjaLab ya Ufaransa alifichua kasoro nyingine katika chipu za Infineon, iliyokuwa imepita bila kuonekana kwa miaka 14 na kaguzi takriban 80 za viwango vya juu. Mshambulizi aliyefanikiwa kukishika kifaa na kuyasikiliza mawimbi yake kwa mitambo ya takriban yuro 11,000 angeweza kuunakili ufunguo.

Miongoni mwa vifaa vilivyoathiriwa ni funguo za kuchomeka za aina ya YubiKey 5 zilizotengenezwa kabla ya toleo la 5.7 la programu yake. Programu hiyo huchongwa ndani ya kifaa na haiwezi kubadilishwa baadaye, jambo ambalo ni kinga dhidi ya wadukuzi na papo hapo ni kizuizi dhidi ya tiba. Mwenye ufunguo wa zamani ana njia mbili tu: kuendelea nao kwa uangalifu au kununua mwingine.

Funzo kama hilo lilikuwa limeshatolewa mwaka wa 2011. Machi mwaka huo, wadukuzi waliingia katika mitambo ya kampuni ya RSA ya Marekani na kuiba siri zilizohusu vifaa vyake vya kutoa nambari za kuingilia kwenye mitandao ya ofisi. Miezi michache baadaye, kampuni hiyo ilijitolea kuwabadilishia wateja wake vifaa hivyo, ambavyo idadi yake ilikadiriwa kufikia milioni 40. Vifaa vilikuwa vizima. Kilichoibwa ni nakala ya siri iliyosalia kwa fundi.

Yanayoihusu Kenya

Kenya haiko mbali na mambo haya. Ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki zenye chipu mwaka wa 2017, na kitambulisho kipya cha Maisha nacho kina chipu. Kadi za benki zilikwishaacha kutegemea utepe wa sumaku pekee. Hata huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilijengwa juu ya kadi ndogo ya laini ya simu, ambayo kwa hakika ni chipu ya usalama iliyotangulia kuingia katika mifuko ya Wakenya kabla ya TPM kujulikana.

Historia ya kadi hiyo ya simu inatoa onyo lake. Matapeli wanaobadilisha laini za watu na kuzoa akiba zao hawaivunji chipu. Humlaghai au kumhonga mhudumu ili nambari ihamishiwe kwenye kadi nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako: mlango imara hauna faida ikiwa bawabu humfungulia yeyote.

Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba usambazaji wa kadi za Huduma haukuwa halali kwa kuwa tathmini ya athari zake kwa ulinzi wa data haikuwa imefanywa kama sheria inavyotaka. Tathmini ya aina hiyo haipaswi kuishia kwenye swali la nani ataziona data. Yapasa kuuliza pia chipu ilitengenezwa na nani, nakala za funguo ziko wapi, na itakuwaje siku kiwanda kitakapokiri kosa.

Mkataba wa kununua mamilioni ya kadi usiotaja ni nani atakayegharimia marekebisho au ubadilishaji wake ni deni lisilo na tarehe ya kulipwa. Estonia iliweza kuwaponya raia wake kwa sababu njia ya kuponya ilikuwa imejengwa kabla ya ugonjwa kuonekana.

Kwa afisi na mtu binafsi, hatua za kuchukua ni nyepesi zaidi. Anayenunua kipakatalishi kilichotumika ahakikishe kina toleo la pili la TPM na kwamba mtengenezaji angali anatoa marekebisho yake. Anayehifadhi siri za wateja asitosheke na chipu peke yake, bali aweke pia nambari ya siri inayoulizwa kabla mfumo haujaamka. Nambari hiyo ingelizuia shambulizi lile la sekunde 43, kwa sababu chipu isingeutoa ufunguo kabla ya kuulizia mwenyewe.

Na aliye na mashine isiyokuwa na chipu hana sababu ya kuitupa kwa hofu. Microsoft iliruhusu watumiaji wa Windows 10 kujiandikisha ili wapate marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na mifumo huru ya Linux huendeshwa kwenye mashine nyingi kongwe bila kudai TPM. Atakachokosa ni kinga dhidi ya mwizi wa mkononi, nayo huweza kupunguziwa makali kwa kusimba diski kwa nywila ndefu.

Chipu za usalama zitaendelea kuenea, na kwa jumla watumiaji watakuwa salama zaidi kuliko walivyokuwa zilipokosekana. Lakini mnunuzi, awe ni mzazi anayemtafutia mwanawe tarakilishi au ni wizara inayoagiza vitambulisho vya taifa zima, hana budi kumuuliza muuzaji swali moja kabla ya kutoa fedha: kasoro ikipatikana, itarekebishwa vipi, na nani, na kwa gharama ya nani? Muuzaji asiyekuwa na jibu la maandishi hajauza usalama bado.